Muulize Shangazi wa Vitabu: Toleo hili ni Gurnah tu

Haya wapenzi. Toleo lililopita nlisema kidogo tu, mistari miwili, kwamba nasoma upya vitabu vya Abdulrazak Gurnah, bas, simu haijapumzika tangu siku ile. Kuna meseji za kusifu, kuna za kunigombeza, na kuna moja imeingia saa nane usiku ina urefu wa khutba ya Ijumaa. Nimechagua chache na nyingine nimezifupisha, mnisamehe. Walioniuliza vitabu vya watoto wasubiri kidogo, sijawasahau.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa form five Morogoro, mwalimu wetu alimtaja huyo Gurnah akapita haraka haraka akaendelea na mada. Ni nani hasa na amefanya nini mpaka akapewa Nobel?

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako tumsamehe, silabasi ndefu na muda mfupi.

Gurnah ni mtoto wa Unguja, kazaliwa tarehe 20 Desemba 1948, kakulia Malindi ya Mji Mkongwe, pale jirani na bandari ya majahazi. Anaepajua pale ataelewa haraka kwanini vitabu vyake viko vile, maana enzi zile kaskazi ikianza kuvuma majahazi yanaingia kutoka Arabuni na Ghuba na Bara Hindi, mabaharia wanajaa mitaani, wanauza, wanakopa, wanalala barazani za watu, alafu kusi ikigeuka wanaondoka zao na wengine wanaacha madeni na wengine wanaacha watoto. Mtoto wa pale dunia hajaisoma kwenye ramani, imemjia mlangoni. Kwao upande wa baba asili ni Yemen, kama familia nyingi tu za mwambao. Chuoni kasoma Kuran, skuli kasoma kwa Kiingereza cha mkoloni, nyumbani Kiswahili.

Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi, yeye ana miaka 15. Yaliyofuata mnayajua au mmesikia kwa wazee: watu waliuawa, waliokua na asili ya Kiarabu wakaandamwa, mali zikachukuliwa, na kutoka kisiwani haikua ruhusa ya mtu yeyote anaetaka. Alipomaliza skuli akaondoka, umri miaka 18, akawaacha wazazi, na mwaka 1968 tunamkuta Uingereza. Hesabu mwenyewe, mwaka huo huo Aprili ndo mwanasiasa Enoch Powell kasimama Birmingham kutoa ile hotuba yake ya kuwakataa wahamiaji. Karibu mgeni.

Akasoma Canterbury, akafanya kazi hospitali, si udaktari, ni ile ya kusukuma vitanda na kusafisha, akarudi kwenye masomo mpaka udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982. Katikati hapo alifundisha Kano, Nigeria, kwenye chuo cha Bayero. Kuanzia 1985 akawa mwalimu Kent mpaka alipostaafu 2017. Riwaya mpaka leo ni 11, ya kwanza 1987 na ya mwisho 2025. Tarehe 7 Oktoba 2021 Stockholm wakatangaza jina lake, mshindi wa Nobel ya Fasihi. Yeye alikua jikoni kwake anatengeneza chai, simu ikaita, akadhani ni hawa watu wa kupiga kuuza bidhaa, nusura awakatie.

Kwanini walimpa? Kwa maneno yangu mimi, kwa sababu ameandika alichokifanya ukoloni ndani ya nyumba za watu, na kinachompata mtu alieng'olewa kwao, bila kupaka sukari na bila kumchukia mtu.

Shangazi mi naomba tuambiane ukweli. Huyu bwana aliondoka 1967, uraia wake Uingereza, vitabu vyake Kiingereza, leo kapata Nobel tunapiga ngoma "Mtanzania wetu". Si aibu hiyo? Msomaji, Dodoma.

Kaka yangu, nakupenda kwa kusema wazi, na nusu ya hoja yako naibeba.

Siku ile ya Oktoba 2021 Rais Samia alimpongeza, Rais Mwinyi wa Zanzibar akampongeza, na sisi huku tukaanza kuulizana kwenye simu "huyu nani?" Hilo ndo la aibu. Kufikia hapo alikua na riwaya 10, mojawapo, Paradise, ilifika orodha ya mwisho ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka 1994, na ungeingia duka la vitabu la kawaida Dar ukaulizia ungetazamwa kama umeulizia theluji. Mimi mwenyewe kopi yangu ya kwanza ya Paradise ilikua ya kudurufu, imebanwa kwa pini, ukurasa wa 60 na kitu umerukwa, miaka nikasoma kitabu kina shimo katikati sikujua.

Sasa hili la pasi. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ukichukua wa huko wa hapa umekwisha, kwaiyo kisheria uko sawa. Ila neno "aliondoka" linanikera kidogo. Mtu akiondoka kwa hiari yake anarudi sikukuu na zawadi. Yeye alikaa nje mpaka 1984 ndipo akaweza kurudi Unguja, miaka 16 na zaidi, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Mwenye makosa nani hapo? Sitaki kuingia kwenye siasa za visiwani kwenye safu ya vitabu, wahariri watanikata, ila ukisoma riwaya yake Admiring Silence utamkuta mtu amerudi Zanzibar baada ya miaka 20, maji hakuna bombani, vyoo havifanyi kazi, ndugu wanamtafutia mke, na yeye huko Uingereza ana mwanamke wa Kizungu na binti mkubwa ambao hajawahi kuwataja. Anacheka, anaona haya, anadanganya pande zote mbili. Hiyo ni riwaya, si maisha yake, ila mtu asiekua wa hapa haiandiki vile.

Bi Shangazi, asalaam aleikum. Swali langu ni moja tu: kwanini hakuandika Kiswahili? Adam Shafi yupo, Said Ahmed Mohamed yupo, wote wa huko huko visiwani, wameandika Kiswahili kitamu mno na Nobel hawana. Msomaji wa Tanga.

Waaleikum salaam ndugu yangu wa nyumbani. Hili limeulizwa na watu 11, nimekuchagua wewe kwa sababu ya Tanga, sifichi.

Tuanze na yeye. Kiswahili ndo lugha yake ya kwanza na hajawahi kuikana. Ila aliondoka na miaka 18, kuandika kwenyewe kakuanzia ugenini akiwa kwenye miaka 20 na kitu, kwa upweke, vikaratasi vya kujiandikia mwenyewe kama shajara, na vitabu vilivyokua vinamzunguka vilikua vya Kiingereza. Mtu anaandika kwa lugha ambayo amesomea sana, si lazima iwe aliyonyonyeshwa. Utasema mbona marehemu Ngũgĩ, yule mwandishi wa Kenya, aliacha Kiingereza akarudi Gikuyu? Kweli, na ilimgharimu, na namvulia kofia. Lakini Ngũgĩ alikua na Kamĩrĩĩthũ yake, kijiji chake, wakulima wanaigiza tamthilia yake na yeye anawasikia. Gurnah alikua Canterbury na mvua.

Alafu angalia Kiingereza chenyewe. Ndani yake kuna mnyapara, kuna rehani, kuna seyyid, kuna kanzu na buibui na ud, na si kila neno anasimama kukutafsiria. Mzungu akifika pale anajikwaa, anavuka. Wewe na mimi hatujikwai. Kuna sentensi zake nikizisoma nasikia kabisa Kiswahili chini yake kinapumua, mtu anasema jambo la adabu kwa kuzunguka, hasemi "sitaki" anasema "Mungu akijaalia", na unajua kabisa hataki.

Sasa nusu ya pili ya swali lako ndo inaniuma kweli. Kasri ya Mwinyi Fuad ni ya 1978, Kuli 1979, Vuta N'kuvute 1999, zote za Adam Shafi, hizi ni riwaya kubwa, mimi Vuta N'kuvute nimeisoma mara 4 na Yasmin bado ananitoa machozi. Kezilahabi, mwandishi wetu mwingine mkubwa wa Kiswahili, alikufa Januari 2020 na ulimwengu mkubwa haukushtuka. Kosa si lao, wala si la Gurnah. Wanaochagua Stockholm wanasoma kilichotafsiriwa, na riwaya za Kiswahili zilizotafsiriwa vizuri kwa lugha zao ni chache mno. Kama una hasira, hasira hiyo ipeleke kwenye tafsiri, ndugu yangu, ipeleke kwa wenye pesa wawalipe watafsiri.

Sasa auntie. Mimi ni wa Nairobi, nataka kuanza kusoma Gurnah but English ya vitabu hunichosha, ni kitabu gani nianze nacho? Na kama kuna ya Kiswahili niambie.

Poa mwanangu, ata mimi Kiingereza changu kilianza kuwa cha kuombea maji.

Ya Kiswahili ipo. Inaitwa Peponi, ni Paradise ya 1994, katafsiri Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili pale chuo kikuu cha SOAS London, yule yule alietuletea Alisi wa nchi ya ajabu kwa Kiswahili, na wachapaji ni Mkuki na Nyota wa Dar, mwaka 2022. Anza na hiyo. Hata wenye Kiingereza cha kumwaga nawaambia waanze na hiyo alafu warudi kwenye ile ya awali.

Ukitaka ya Kiingereza isiyochosha chukua By the Sea ya 2001. Mzee wa miaka 65, muuza samani, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na jina lisilo lake na kijisanduku cha ud, huu udi wa kufukiza, ameambiwa ajifanye hajui Kiingereza, na anakijua vizuri tu. Afisa wa uhamiaji anambembeleza na kumdharau humo humo, na mwisho ud anaichukua. Alafu wanamtafuta mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni mtu ambae jina la baba yake ndilo hilo mzee ameliiba. Zaidi ya hapo sisemi.

Desertion nayo inaanza vizuri mno, mwaka 1899, muuza duka kaamka alfajiri kwenda kuadhini, anaona kivuli kinatokea gizani anadhani jini, kumbe Mzungu anaekufa kwa kiu. Katikati inalegea kidogo kwa maoni yangu, ila vumilia.

Usianze na Pilgrims Way wala Dottie. Si mbaya, ila zile ni za Uingereza ya baridi na ubaguzi, zitakuchosha kabla hujampenda.

Shangazi, naitwa ustadhi hapa mtaani, nimesoma Peponi na nimeshtuka. Huyu Yusuf si ndo Yusuf wa kwenye Sura ya 12? Au mimi ndo naona Kuran kila mahali?

Ustadhi hujakosea hata chembe, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Wahakiki wa Ulaya wameandika makala ndefu kulieleza hili, mtoto wa chuo yeyote wa Pangani anaona ukurasa wa kumi.

Tuwasimulie ambao hawajasoma. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana mgahawa wa kulala wageni kwenye mji mdogo wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipojenga reli na sasa umelala. Kuna tajiri anakuja kila mara na msafara wake, Aziz, kijana anamwita ami, na ami akiondoka humpa sarafu ya anna 10. Siku moja ami anaondoka, na Yusuf anaambiwa afuatane nae. Anapanda treni anafurahi. Kule pwani kwenye duka anamkuta kijana mwingine, Khalil, anaemwambia bila huruma: yule si ami yako, mwite seyyid. Baba yako ana deni lake, na wewe ndo umewekwa.

Rehani. Neno hili kwetu leo ni la benki na hati za nyumba na viwanja, kumbe hapo zamani mtoto aliwekwa. Tunasema dawa ya deni kulipa, sasa baba asie na cha kulipa alitoa alichokua nacho.

Na sasa, ustadhi, tazama majina. Kwenye Sura Yusuf aliemnunua kijana ni al-Aziz. Mke wa al-Aziz mapokeo yanamwita Zulekha, na kwenye kitabu mke wa tajiri aliejifungia ndani na jeraha usoni anaitwa Zulekha, na kanzu inachanwa, na inachanwa kwa nyuma. Kila kitu kipo. Ila Gurnah kafanya jambo moja la kutisha, na hapa ndo akili yake ilipo. Yusuf wa kwenye Sura ana ndoto, anazifasiri, anapanda cheo, anakua mkubwa wa hazina ya Misri na baba yake anakuja na anaona tena. Yusuf wa Gurnah ana ndoto za mbwa tu. Hakuna hazina ya Misri. Hakuna kisima anachotolewa, kwa sababu kila anaemtoa ana kisima chake kingine. Na nje ya ukuta wa bustani ile nzuri, Wajerumani wanakuja.

Kuna mwenzetu mwingine wa Tabora kaniandikia kwamba Gurnah anawatetea Waarabu na wafanyabiashara wa pwani. Ndugu, umesoma kitabu gani? Msafara wa Aziz ukiingia bara wanawaita wenyeji washenzi kila hatua, mnyapara Mohammed Abdalla anapiga watu, na wanapofika kwa Chatu, mtawala wa huko bara, wakapigwa na kunyang'anywa mali Chatu anawaambia wazi kwamba waliomtangulia walikuja hivi hivi na kumdhulumu. Pwani imevuliwa nguo kwenye kitabu hiki, na aliyeivua ni mtoto wake.

Shangazi swali fupi. Nobel ni shilingi ngapi?

Krona za Sweden milioni 10. Zaidi ya dola milioni 1, kwa pesa zetu za wakati ule zaidi ya bilioni 2. Medali alikabidhiwa London kwa sababu ya korona, hakwenda Stockholm. Hapana, simjui namba yake ya simu.

Shangazi shikamoo. Babu mzaa babu alikua askari wa Mjerumani, kwetu Songea tunalisema hili kwa sauti ya chini maana wengine wa ukoo walinyongwa na Mjerumani huyo huyo baada ya Majimaji. Nimesikia Gurnah ameandika juu ya askari hawa. Kweli?

Marahaba mwanangu. Kweli, na asante kwa kusema, najua si rahisi.

Kitabu ni Afterlives cha 2020. Tumezoea kusimuliwa vita ile ya 1914 mpaka 1918 kama hadithi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hodari aliewazungusha Waingereza porini mpaka Novemba 1918. Sawa, alizungusha, lakini aliekua anabeba mizigo nani? Aliekua ananyang'anywa mahindi nani? Mtu wa Dar anashuka Kariakoo kila siku kununua nguo na hajui kwamba jina lile ni Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa Mwingereza, ulimi wetu umelilainisha tu. Waliokufa ni wapagazi na wanavijiji kwa maelfu na maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko risasi.

Gurnah kaweka vijana wawili. Ilyas, alieibwa na askari akiwa mtoto, akasomeshwa na mmishenari, akawapenda Wajerumani kwa dhati, anajiunga kwa hiari na kumwacha dada yake mdogo Afiya kwa watu. Na Hamza, aliekimbilia jeshini kutoka utumwani kwa tajiri. Hamza huyo utotoni kawekwa rehani na baba yake. Unasikia? Ndo maana wasomaji wengi tunasema huyu ni Yusuf yule yule amerudi baada ya miaka 26 na jina jipya, mwandishi kashindwa kumwacha. Afisa mmoja wa Kijerumani anamfundisha Hamza Kijerumani mpaka aweze kumsoma Schiller, mshairi wao mkubwa, na hujui mpaka mwisho kama yule afisa anampenda au anamchezea. Hamza anarudi amejeruhiwa, hana kitu, na Kijerumani kile anakuja kukitumia kumtafsiria Afiya mistari ya mapenzi kwa Kiswahili, kwenye kikaratasi. Mwanangu mimi nimesoma mambo mengi, ile karatasi imenikaa.

Ilyas hatarudi. Mwisho wake uko Ujerumani, kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen. Na hilo si la kubuni tu, kulikua na mtu wa kweli, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliekua askari wa Mjerumani angali mtoto, akahamia Berlin, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni, akawa anadai malipo yake ya askari, na 1944 akafia kambi hiyo hiyo.

Babu yako mnaweza kumtaja kwa sauti ya kawaida. Hamza hakua shujaa wala msaliti, alikua kijana anaetafuta pa kukimbilia.

Shangazi mimi nina miaka 34, fundi umeme, naandika usiku kwenye simu, nina sura 9. Kila niliempelekea kaniambia nimechelewa. Nimechelewa?

Vyaelea vimeundwa, fundi. Gurnah riwaya ya kwanza imetoka ana miaka 38, na hiyo aliianza zamani sana ikazunguka kwa wachapaji miaka na miaka. Ya kwanza mpaka ya tatu zilipita kimya. Ya nne ndo Paradise. Tuzo kubwa kapata na miaka 72, ameshastaafu kazi. Kwa miaka zaidi ya 30 alikua anafundisha watoto wa watu mchana, anasahihisha mitihani, anaandika kwenye mapengo, kama wewe na nguzo zako.

Nimekusoma hiyo sura ya kwanza uliyotuma. Mvua ya mwanzo ifute yote, anza pale mama anapomficha mgeni bei ya sukari. Na ihamishe kwenye kompyuta au daftari kabla simu haijaibiwa.

Bi Shangazi, mimi niko Muscat, wazee wangu wa Unguja. Hiki kipya Theft unakionaje? Huku tumekigombania.

Salaam mwanangu, na wasalimie wazee. Kimetoka Machi 2025, nimekimaliza kwa siku 3 na nimegombana nacho.

Kina vijana watatu, Karim msomi anaepanda cheo, Fauzia mkewe aliesomea ualimu, na Badar, mtoto wa kazi aliepelekwa kwenye nyumba ya watu Dar bila kuambiwa kwanini. Badar ndo moyo wa kitabu. Siku moja anaambiwa ameiba. Yani hapo nilifunga kitabu nikaenda kupika, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba zenye mtoto wa kazi, kikipotea kikombe tunamtazama nani? Gurnah anarudi pale pale alipoanzia 1994, mtoto ndani ya nyumba isiyo yake, analipa deni ambalo hakukopa. Kwenye By the Sea ni nyumba iliyoondoka kwa mkopo. Kwenye Gravel Heart ni mama aliejitoa yeye mwenyewe ili kaka yake atoke gerezani, na baba anahamia chumba cha nyuma ya duka hasemi na mtu. Ukiniuliza huyu bwana anaandika nini maisha yake yote, watu watasema ukimbizi, mimi nasema deni. Nani anadaiwa, nani kawekwa, na nani yuko mezani anajifanya hajui.

Nilichogombana nacho ni mwisho, Karim kageuka mbaya haraka mno. Na wale watalii na wafanyakazi wa misaada kawachora kwa mkono mzito. Ila Fauzia na hofu yake ya kifafa kumrudia, au kumpata mtoto wake, hapo nanyamaza.

Shangazi shikamoo. Naishi na nyanya yangu Ng'ambo, ana miaka 81, macho hayaoni tena kusoma. Kila baada ya isha namsomea Peponi kurasa tano sita. Mwanzo alikua anasinzia, sasa ivi akisikia naosha vyombo ananiita niharakishe. Juzi kakataa nisiendelee mpaka nimwambie kwanza kama Yusuf atarudi kwa mama yake. Anasema yeye wa umri wake hawezi kusubiri. Nimwambie?

Marahaba mwanangu, na nyanya mpe shikamoo yangu.

Usimwambie. Mwambie Shangazi kakukataza, anitukane mimi. Ila ongeza kurasa, tano ni chache kwa mtu wa miaka 81, soma kumi, na ile sura ya bustani isome asubuhi akiwa na chai na si usiku. Pale wanapotaja majina ya mitaa na vyakula simama kidogo, muache asahihishe, atakwambia mambo ambayo hayamo kitabuni, na mengine huenda ni ya ukoo wenu, chukua kalamu.

Mkimaliza niandikie alisema nini. Maneno yake yenyewe, usiyapambe.